Kutoka Morogoro hadi Muleba kwa Gari Letu: Tulivyosafiri Wawili Tukiwa Wastaafu

Dada yangu mkubwa anaishi Muleba, mkoani Kagera, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na marehemu mumewe. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu Morogoro, lakini macho yake yalipoanza kufifia alisema hawezi tena kupanda basi peke yake, na sauti yake kwenye simu ilinifanya nione kwamba zamu ya kusafiri sasa ni yetu. Mwezi Agosti 2025, mimi na mume wangu tuliamua kwenda kumwona kwa gari letu wenyewe, tukipitia Mwanza anakoishi mtoto wetu wa pili. Mimi ni muuguzi mstaafu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, na ana kisukari kinachotibiwa kwa insulini pamoja na shinikizo la damu. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu.

Watoto walipinga, na hoja zao zilikuwa za haki. Mmoja alijitolea kutulipia ndege, mwingine akasema mabasi ya siku hizi ni mazuri kuliko gari dogo. Baba yao aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaeleza jambo ambalo kijana hawezi kulifahamu mpaka lifike kwake. Basi la masafa marefu huondoka alfajiri na kukimbizana na saa siku nzima. Abiria hushushwa mara chache kuchimba dawa, yaani kwenda haja, wakapewa dakika chache za kula, wakapanda tena. Mtu mwenye kisukari hawezi kupangiwa na dereva saa ya kwenda haja wala saa ya kula, kwa sababu sindano ya insulini na chakula lazima viende pamoja. Ndege nayo ingetufikisha mapema, lakini isingebeba mchele wa Morogoro, mablanketi, na vitu vyote ambavyo dada hana wa kumnunulia. Watoto walikubali kwa sharti kwamba tungewapigia simu kila tunapoondoka na kila tunapofika, na sharti hilo tulilitimiza bila kuona kama ni kero.

Gari tulilipeleka kwa fundi wetu wa siku nyingi wiki kadhaa kabla, ili kama kuna kipuri kinachohitaji kuagizwa Dar es Salaam kiwe na muda wa kufika. Alikagua breki, mikanda, rejeta, shokapu na betri, lakini kilichonifundisha zaidi kilikuwa matairi. Gari la wastaafu hukaa zaidi kuliko linavyotembea, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Matairi yetu yalikuwa na kashata, yaani meno ya kukanyagia, nzuri kabisa, ila fundi alituonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: yalikuwa ya mwaka 2017, na ukilikunja ubavu kwa kidole gumba uliona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Tuliyabadilisha yote manne pamoja na la akiba. Tulihakikisha pia kwamba jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto vipo na vinafanya kazi, na mume wangu akanitaka nifungue nati za gurudumu moja mbele yake, tujue kwamba hata mimi naziweza.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi kuipanga ilikuwa dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, na iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne iwapo joto halizidi nyuzi 30. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani, joto hupita kiwango hicho kwa muda mfupi sana. Nilichukua chupa pana ya chai, nikaweka vipande vya barafu chini, juu yake kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara kadhaa, kisha dawa zikiwa ndani ya kopo la plastiki, kwa sababu insulini ikigusana na barafu na kuganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chupa hiyo haikuwekwa kwenye buti hata mara moja. Tuliposhuka kula, tulishuka nayo, ikakaa mezani pamoja na sahani zetu. Dawa za akiba niliziweka kwenye mkoba tofauti, pamoja na nakala ya cheti cha daktari, kadi za bima ya afya, na daftari la kuandikia vipimo.

Njia tuliigawa kwa kuzingatia mwili wa mgonjwa na jua, si kwa kutazama mji upi ungekuwa mzuri kulala. Kutoka Morogoro kwenda Kanda ya Ziwa unaelekea magharibi karibu muda wote, na kuanzia saa tisa alasiri jua linakupiga usoni kupitia kioo cha mbele. Kwa dereva mwenye umri wetu, mwanga ule unaficha baiskeli, ng'ombe na mtoto anayevuka barabara. Kwa hiyo tuliondoka kila siku palipokucha vizuri, baada ya kipimo, sindano na kifungua kinywa, na tulikusudia kuwa tumekwisha kufika kabla ya saa tisa. Hesabu hiyo ilitupa kati ya kilomita 200 na 300 kwa siku: tulilala Dodoma, tukalala Singida, tukalala Nzega, ndipo tukaingia Mwanza. Usukani tulibadilishana kila baada ya saa moja na nusu hivi, na kila tuliposimama tulitembea kwa miguu kulizunguka gari na kunywa maji, maana kukaa kitako kwa saa nyingi huwafanya watu wazima wavimbe miguu na huweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa.

Kutoka Morogoro hadi Dodoma, kupitia Dumila, Gairo na Kibaigwa, tulikuwa tukiifahamu njia, na kazi kubwa ilikuwa kuwa na subira nyuma ya malori ya mahindi na kuheshimu vibao vya 50 kila panapoanza makazi. Askari wenye tochi za kupima mwendo walikuwepo, na mwendo wetu haukuwapa sababu ya kutusimamisha. Dodoma tulipokelewa na mpwa wangu, ambaye alikuwa ametandika kitanda chumba cha chini ili mjomba wake asipande ngazi.

Singida tulilala katika nyumba ya wageni. Dada wa mapokezi, kwa moyo mwema kabisa, alipokea kopo la insulini na kuliingiza moja kwa moja kwenye sehemu ya juu ya jokofu, palipokuwa na samaki walioganda. Nilimwomba alitoe, nikaenda naye jikoni, nikamwonyesha rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma unaotoa baridi kali, na nikamweleza sababu. Alisema mama yake mzazi naye anatumia dawa hiyo hiyo huko kijijini na hakuwahi kuelezwa. Tulikaa pale jikoni karibu nusu saa, akiandika kwenye simu yake kila nilichosema. Kwa wauguzi wenzangu niseme wazi: nimetumikia wodini miaka mingi, na bado naona kwamba maelezo haya hayawafikii watu wanaoyahitaji.

Siku iliyofuata ndiyo iliyothibitisha kwamba mpango wetu ulikuwa na maana. Tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba mume wangu atapima sukari kila kabla ya kushika usukani, na kwamba kipimo kikiwa chini ya 5 (milimoli kwa lita) hataendesha, hata akijisikia vizuri namna gani. Tulisimama Misigiri kubadilishana, kabla ya mteremko wa Sekenke. Alikuwa akicheka na muuza alizeti, mikono haitetemeki, maneno yake yamenyooka. Akachoma kidole, akanipa kipimo nisome kwa sababu hakuwa na miwani ya kusomea: 3.8.

"Mama, mimi sijambo," akasema, "hiki kidude kimekosea."

"Baba, geuza shingo nione," nikamjibu. Nyuma ya kola ya shati palikuwa na jasho, ilhali upepo wa Singida ulikuwa ukivuma wa baridi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na yake ikiwa mojawapo, huzuia mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, ambazo ndizo dalili wagonjwa wengi huzitegemea kutambua kwamba sukari imeshuka; jasho ndilo hubaki. Nilimkorogea vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji, akanywa, tukakaa kivulini. Baada ya dakika 15 kipimo kilifika 5.6, nikampa chapati na yai. Hata hivyo hakushika usukani, kwa kuwa akili haichangamki kwa kasi ile ile inayopanda nayo sukari, na mwongozo tunaoufuata ni kusubiri dakika 45 baada ya kipimo kurudi sawa. Sekenke niliishuka mimi, kwa gia ndogo, nikiyaacha malori yatangulie. Yeye alikaa kimya mpaka tulipofika Shelui, ndipo akasema, "Asante, Mama," na hatukulijadili zaidi.

Kutoka hapo barabara inanyooka kupita tambarare za Wembere na Igunga, na hatari yake ni usingizi. Tulizungumza njia nzima. Tulikumbushana majina ya wanafunzi wake na wagonjwa wangu, tukabishana juu ya nani alituazima meza tulipofunga ndoa.

Mwanza tulikaa kwa mtoto wetu mpaka uchovu ulipotutoka kabisa. Wajukuu walikuwa wametuzoea kwenye simu, na yule mdogo alimshika babu yake mkono akamkagua kucha, kidole kwa kidole, kana kwamba anahakikisha ni yeye.

Kisha tukavuka Ghuba ya Mwanza juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, likiunganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa kilomita 3. Nilikuwa nalijua vizuri eneo hilo enzi za kivuko, foleni ya magari ikiwa juani, wagonjwa wakiwa ndani ya gari la hospitali wakisubiri zamu kama mizigo mingine. Nilimwomba mume wangu, ambaye siku hiyo kipimo chake kilikuwa kizuri, aendeshe polepole nitazame maji pande zote mbili. Ng'ambo tulifika baada ya dakika chache. Nimeshuhudia watu waliocheleweshwa na maji yale, na siwezi kulizungumzia daraja hilo kwa sauti ya kawaida.

Tulipita Geita, Katoro na Bwanga, tukalala Biharamulo, na asubuhi tukaikata njia ya msitu kuelekea Muleba. Miaka ya nyuma mabasi yalipita huko yakisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Safari hii tulikutana na nyani na waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi.

Dada alitutambua kwa sauti. Alimwita mume wangu "shemeji," akampapasa mabega, akamwambia amekonda, kisha akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama ilivyo desturi yetu kwa wageni, ingawa ilimbidi aguse meza kwanza ajue pa kukiweka. Msimu wa kuvuna ulikuwa unaendelea na kahawa ya maganda ilikuwa imeanikwa kwenye majamvi uani. Nikamwona akiikanyaga bila kuiona. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga, nikamtazama mboni: zote mbili zilikuwa nyeupe katikati. Ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hutibika kwa upasuaji wa muda mfupi, lakini yeye alikuwa ameambiwa na majirani kwamba ni uzee na hauna dawa. Ilichukua siku nyingi za mazungumzo ya jioni, na mume wangu akiniunga mkono kwa upole wa mwalimu, mpaka akakubali kuja nasi Morogoro kutibiwa.

Safari ya kurudi, kwa hiyo, ilikuwa ya wazee watatu, na tuliipanga upya. Tulipitia Kahama badala ya Mwanza ili kufupisha njia, na vituo vikaongezeka kwa sababu magoti ya dada hayavumilii kukunjwa muda mrefu. Jua nalo sasa lilikuwa linatukabili asubuhi badala ya alasiri, tukawa tunaondoka saa tatu, likiwa limekwisha kupanda, na kufika jioni kabla ya giza. Kiti cha mbele tulimpa yeye, kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa, na anayepumzika kuendesha alikaa nyuma na chupa ya insulini mapajani. Dada ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutukumbusha saa za kupima, kwa kuwa redio ya gari hutangaza saa na masikio yake ni mazuri kuliko yetu sote, na hakuna saa iliyompita hadi tulipofika Morogoro. Jicho la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji, na la kushoto limepangiwa tarehe.