Giaboksi ya X-Trail T31 na T32: fungua sampu kabla ya kufungua pochi

Taja Nissan X-Trail ya toleo la T31 kwenye kijiwe chochote cha mafundi, Dar es Salaam au Nairobi, na kabla hujamaliza swali utajibiwa: giaboksi. Sifa hiyo gari halikuipata bure. Ila giaboksi nyingi zinazotangazwa zimekufa hazijapimwa presha wala kuchunguzwa sampu, yaani sinia la oili lililo chini yake. Zimemwagiwa oili mpya, dalili zikabaki pale pale, mwenye gari akaambiwa anunue nyingine.

Tukubaliane kwanza ni mashine gani tunaongelea. T30, ile ya 2000 hadi 2007, ikiwa otomatiki ina gia nne za kawaida, haimo humu. T31 ilitoka Japani 2007 na kudumu hadi 2013. Ya petroli ina injini ya MR20DE ya lita 2.0 au QR25DE ya lita 2.5, na otomatiki yake ni CVT (isiyo na gia za hatua, inabadilisha uwiano kwa mkanda na puli) ya kampuni ya Jatco, JF011E, ambayo kwenye vitabu vya Nissan huandikwa RE0F10A. Familia hiyo hiyo utaikuta kwenye Dualis na baadhi ya Outlander za miaka ile. T32 ilifuata mwishoni mwa 2013 na injini ya MR20DD pamoja na CVT ya JF016E. T31 ya dizeli yenye otomatiki inatumia gia sita za kawaida, kwa hiyo mwenye nayo apumue. Haibridi ya T32 nayo ina mpangilio wake.

Ndani ya CVT kuna puli mbili na mkanda wa chuma uliounganishwa kwa vipande vyembamba vingi. Kinachoushika mkanda usiteleze ni presha ya oili inayobana puli. Presha ikishuka, hata kwa muda mfupi wakati umekanyaga mafuta, mkanda unateleza na kuchubua uso wa puli. Unga wa chuma unaotoka hapo unaingia kwenye vali body (kipande chenye vali zinazogawa presha ya oili) na kwenye vali ya pampu inayorekebisha mtiririko wa oili. Vali hiyo ikianza kunata, presha inashuka tena, safari hii zaidi. Ndiyo maana tatizo linaanza polepole na kumalizika ghafla, na ndiyo maana oili mpya hairudishi chuma kilichokwisha lika. Kubadilisha oili ni kinga. Anayekuuzia kama dawa anakuuzia wiki chache.

Marekani ndugu wa magari haya waliuzwa kwa jina la Rogue, na huko Nissan ilirefusha udhamini wa CVT kwa modeli za hadi 2010 kuwa miaka 10 au maili 120,000, yaani kama kilomita 193,000. Kwa Rogue za 2014 hadi 2018, baada ya kesi ya pamoja ya wamiliki, ulifika miezi 84 au maili 84,000, kama kilomita 135,000. Gari ulilotoa bandarini kutoka mnada wa Japani halimo kwenye mpango huo. Lakini kumbuka namba hizo unapoangalia odomita ya gari unalotaka kununua.

Dalili zitenganishe, usiziite zote "giaboksi inasumbua". Mtetemo kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, unaweza kuwa mkanda au tokikonveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ambayo kufuli lake linafunga na kuachia. Unganisha mashine inayosoma data gari likitembea. Kama mzunguko wa injini na wa puli ya kwanza unapishana wakati kufuli la konveta limeshashika, shaka ni konveta au solenoidi yake, yaani vali yake ya umeme. Kama hizo mbili zinakwenda sawa, ila uwiano wa puli ya kwanza na ya pili unayumba huku mguu haujasogea, mkanda unateleza. Kipimo hicho hakichukui muda mrefu, na bado mafundi wengi hawakifanyi.

Mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo mara nyingi ni beringi ya puli, lakini beringi ya gurudumu nayo hulia hivyo hivyo. Yumbisha usukani kidogo kulia na kushoto barabara ikiwa tupu: mlio ukibadilika uzito unapohama, anza na gurudumu. Jambo lingine la kusaidia: gari likiwa limesimama kwenye N, puli za JF011E hazizunguki. Mlio unaousikia hapo si wa beringi za puli, angalia pampu au konveta.

Misimbo ya hitilafu inayotolewa na mashine hiyo nayo haina uzito sawa. P1701 hutokea hata baada ya kuvua betri; futa, endelea, usimwache mtu akutishe nayo. P0715 na P0720 ni za sensa za mzunguko, na sensa na waya wake ni rahisi kubadilisha kabla ya kushuku kingine. P1777 na P1778 zinaelekeza kwenye step mota inayobadilisha uwiano. P0744 ni ya kufuli la konveta. P0746, P0776 na P0868 ni za presha, na hapo gari lisiendeshwe kwenda Moshi "halafu tutaona". Kwenye T32, P17F1 kwa utaratibu wa Nissan ni kukagua mkanda kwa kamera ndogo na kubadilisha vali body mkanda ukiwa mzima, ila P17F0 ni kubadilisha giaboksi nzima.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: gari linapanda Kitonga au Mai Mahiu, nguvu zinapungua, injini inakataa kupanda mzunguko, unasimama kidogo na kila kitu kinarudi sawa. Hapo kompyuta inajikinga na joto. Oili ya CVT kwenye T31 inapozwa na maji ya injini kupitia kula (cooler, kipozeo cha oili) iliyofungwa kwenye giaboksi yenyewe, kwa hiyo rejeta iliyoziba, feni inayozunguka kivivu au maji ya bomba yaliyojaa kutu vyote vinaipika. Soma joto la oili: likipita nyuzi 100 mara kwa mara mimi nashughulikia rejeta kwanza, na likifika 110 gari lipumzishwe. Kula ikitoboka ndani, oili na maji huchanganyika na utaona rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki au kwenye tanki la maji. Gari hilo lisitembee tena hata mita moja.

Sasa oili. T31 inataka NS-2, T32 inataka NS-3. Makopo ya Nissan ya lita 4 kutoka Japani yana namba KLE52-00004 kwa NS-2 na KLE53-00004 kwa NS-3. Haidroliki nyekundu ya otomatiki za kawaida, Dexron na wenzake, imetengenezwa kwa msuguano mwingine kabisa, na mkanda wa chuma ndani yake unateleza. Rangi pekee isikupe uamuzi, maana oili za CVT za kampuni nyingine zina rangi zake, ila ukivuta stiki ya T31 ukakuta nyekundu, uliza ni nini kiliwekwa na lini. Kwa foleni zetu na joto la pwani, kilomita 40,000 ni kikomo changu. Gari la teksi mtandao lisivuke 30,000.

Kazi yenyewe: gari lisimame sawa, si kwa jeki upande mmoja. Fungua plagi ya chini, kinga oili yote kwenye chombo chenye alama za lita, na andika kiasi. Itatoka kama lita 4, zaidi kidogo ukishusha sampu. Inayobaki iko kwenye konveta na njia zake, kwa hiyo kumwaga mara moja kunabadilisha karibu nusu tu. Ukimwaga, ukajaza, ukatembea kidogo kisha ukarudia, umefika robo tatu ya oili mpya. Kwa giaboksi iliyopuuzwa muda mrefu rudia mara ya tatu. Mashine za kusukuma oili kwa presha siziamini kwenye CVT zenye uchafu, zinaubeba uchafu kwenye vali.

Sampu ishushe, hata kama fundi anasema haina haja. Ndani kuna sumaku, na hapo ndipo utajua kama unaendelea au unaacha. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, sindano au magamba unayoyahisi kwa vidole, ni mkanda, puli au beringi. Ukiviona, usinunue kopo la pili la oili. Kama sumaku ziko vizuri, zisafishe, badilisha chujio la sampu na gasketi, na usisahau chujio dogo la karatasi lililo kwenye nyumba ya kula, mbele upande wa kushoto, linalofikiwa kirahisi zaidi kupitia tundu la gurudumu. Hilo dogo ndilo linalorukwa karibu kila gereji. Agiza vyote kwa namba ya chasisi. Bolti za sampu zinakazwa kwa newton-mita 8 tu, na plagi ya kumwagia kwa 34. Nyuzi za alumini zikivuliwa na spana ndefu, umeanza safari nyingine.

Jaza kiasi kile kile kilichotoka kisha pima. Kwenye T31 oili iwe na joto la nyuzi 50 hadi 80, injini ikiwaka, mguu kwenye breki. Pitisha liva taratibu kwenye kila nafasi na urudi P. Vuta stiki, ifute kwa karatasi isiyoacha nyuzi, kisha irudishe ukiwa umeigeuza nyuzi 180 kutoka ilivyokaa, hadi igote kwenye mdomo wa bomba. Usipoigeuza, kifungio chake kinaishusha na unasoma kiasi kisicho sahihi. Kwenye T32 hakuna kupima kwa stiki: gari liko sawa kwenye lifti, injini inaunguruma, oili iko nyuzi 35 hadi 45, unafungua plagi ya kufurikia. Ikidondoka polepole imetosha. Isipotoka kitu, ongeza kutoka juu hadi ianze kutoka. Oili ikizidi inatoa povu, na povu halishiki presha. Mwisho, futa hesabu ya uchakavu wa oili kwa mashine. Kwenye T31, hesabu ikiwa zaidi ya 210,000 gari lenyewe linakuambia oili ilishapita muda wake, na ni kipimo kizuri pia kabla hujanunua gari la mtu.

Ikibidi giaboksi iliyotumika, linganisha injini, na kama ni ya magurudumu mawili au manne: T31 ya magurudumu mawili na NT31 ya manne hazibadilishani, na TNT31 ya 2.5 ni nyingine tena. Muuzaji akikataa sampu ifunguliwe kabla ya malipo, ondoka. Kula ya zamani isafishwe kwa makini au itupwe, la sivyo magamba yaliyobaki yanaingia kwenye mashine mpya siku ya kwanza. Vali body na ROM yake (chipu yenye data zake) havitenganishwi, na kompyuta ya giaboksi lazima ifutwe data za zamani ili isome za hiyo mpya. Ukiruka hatua hiyo, giaboksi nzima kabisa itagonga na kushtuka kana kwamba ni mbovu.

Kuhusu uendeshaji, machache. Simama kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Kwenye matope usiache magurudumu yazunguke ovyo kisha yashike ghafla kwenye ardhi kavu, mshtuko huo unaupokea mkanda. Na gari likikwama njiani lisifungwe kamba. Injini ikizimika pampu ya oili imezimika, huku magurudumu ya mbele yanazungusha puli na beringi zikiwa kavu. T31 ya magurudumu mawili inyanyuliwe mbele, ya magurudumu manne ipakiwe nzima juu ya lori, hata kama gereji iko kilomita tano tu.