Ndoo Yenye Mfuniko
Jumamosi iliyopita, kabla baridi ya Julai haijakaza, tulipeleka Chamwino mablanketi 6, masufuria na godoro moja, vitu ambavyo tangu tuhamie Dodoma mwaka 2017 vilirundikana stoo bila mtu kuvigusa. Mwenyekiti wa kitongoji alitushauri, na ninamshukuru kwa dhati, tusivigawe hadharani bali tuzifuate familia nyumbani kwao, ili mtu asipokee msaada huku majirani wakimtazama. Bibi mmoja anayelea wajukuu 4 katika nyumba ya tembe alilipokea blanketi, akalikunja upya taratibu, kisha akauliza iwapo tulikuwa na ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa maji anayafuata mbali. Tunazo 2 nyumbani. Ninampelekea zote kesho asubuhi.