Zhurnal si jarida tu

Leo imepita tafsiri moja kutoka Kirusi: "Mwalimu akafungua jarida, akampa mtoto mbili."

Jarida? Darasani?

Neno lililomponza mfasiri ni журнал, zhurnal. Warusi walilitoa kwa Wafaransa: journal, kutoka jour, yaani siku. Ufaransani leo ni gazeti. Kwa Warusi likawa jarida, na gazeti wanaliita gazeta (hilo wala halihitaji kamusi).

Ila kile kitu cha kila siku hakikupotea. Zhurnal ni pia daftari lolote la kuandika mambo kwa tarehe. La melini, zamu kwa zamu. La darasani, ndilo alilofungua mwalimu: majina kushuka chini, tarehe kwenda kulia, alama kwenye visanduku. Tano ndiyo ya juu, mbili ni kufeli. Asiyekuja huwekewa н, herufi isomwayo "n", ya ne byl, hakuwepo.

Kwa hiyo tazama kilicho jirani na neno. Likija na klassny, ni la darasa. Vakhtenny, la zamu melini.



Nyie mngeandika nini badala ya "jarida" kwenye tafsiri ile: rejista, au daftari la mahudhurio?