Nilivyopata nafasi ya utafiti kwa picha zenye makosa

Barua ya kumi na moja ya kunikataa niliisoma ndani ya matatu, tumekwama Roysambu. Nikarudisha simu mkobani.

Nilikuwa na shahada ya uzamivu, makala mbili kuhusu malaria na maelfu ya picha za hadubini. Nafasi nilizoomba zilitaka mtu wa picha hasa: anayezipiga, anayezisafisha, anayezipima kwa programu. Mimi nilijieleza kama mtu wa malaria. Jambo hilo lilinifunukia kwa aibu, kwenye mahojiano ya video, profesa alipotazama picha yangu ya damu akauliza: "Pikseli moja hapa ni mikromita ngapi?"

Nilinyamaza. Ukubwa wa pikseli, yaani nukta moja ya picha, kwa mikromita (elfu moja hufanya milimita), sikuwa nimeuandika popote. Tena picha zote nilizihifadhi kwa JPEG, ambayo hubana faili kwa kubadilisha thamani za pikseli. Picha ya harusi haidhuriki, lakini vipimo huharibika.

Kesho yake nikamwendea mzee anayetunza hadubini zetu. Alicheka. "Daktari, slaidi si zipo? Piga upya."

Tukatoa kasha la slaidi za damu zilizotiwa Giemsa, rangi inayoonyesha vimelea vya malaria. Pikseli ya kamera yetu ina upana wa mikromita 6.5, kwa hiyo kwa lenzi ya 100, inayokuza mara 100, inakuwa mikromita 0.065 kwenye picha. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hadi 8, basi ilipaswa kuchukua pikseli kama 115. Nikavuta mstari juu ya chembe moja: 113. Nilipiga meza kwa furaha!

Safari hii nilihifadhi kwa TIFF, bila kubana thamani za pikseli. Programu ya Cellpose ikachora mipaka ya chembe, ya Fiji ikapima. Zote mbili ni za bure, ingawa kompyuta yangu ilisota usiku kucha. Kisha nikahesabu kwa macho nione programu imekosea wapi. Chembe zilizopandana iliziona moja. Punje za rangi iliyoganda ikaziita vimelea. Nikaandika kurasa nne, na makosa hayo nikayawekea picha.

Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya niliuacha kwanza, maana lazima uandike pendekezo pamoja na mwenyeji, yaani maabara itakayokupokea, na kazi hiyo hula miezi. Nikatafuta maabara zenye fedha zao tayari. Barua nne tu, za aya tatu tatu, kila moja kwa mtu ambaye makala zake nilikuwa nimezisoma kweli, na zile kurasa nne nyuma yake.

Mmoja akajibu. Kwenye mahojiano alifungua moja kwa moja ukurasa wa makosa. "Hizi punje za rangi, ungezitenganishaje na vimelea?" Tukazungumzia uchafu wa slaidi karibu dakika arobaini. Makala zangu hakuzigusa.

Mkataba ni wa miaka 2. Mzee wa hadubini ameniagiza jambo moja kabla sijaondoka: nifute mafuta kwenye lenzi ya 100, maana wanafunzi huwa wanasahau.