Nimeenda kusomea ukocha, nimeambiwa ninyamaze

Nilipomwambia mama kwamba Jumamosi sitakuja kwake kwa sababu nasoma kochingi, akakaa kimya kidogo kwenye simu halafu akauliza, "Makochi? Yaani unaacha kazi ya bandari unaenda kushona makochi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ofisini nako hawakuwa na nafuu, walivosikia nasomea ukocha swali lilikuwa moja tu, Simba au Yanga, na kuna mmoja mpaka leo tukipishana koridoni ananiuliza wikiendi tunaanza na nani mbele. Ukocha wenyewe ni wa kazini, kumsaidia mtu apate jibu lake mwenyewe kwa kumuuliza maswali.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa klaringi, yaani kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Dar, huu mwaka wa 11. Naongoza watu sita wa dokumentesheni, hawa ndo wanapokea BL (ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli) na invoisi za mteja, wanaandaa deklaresheni, wanaiingiza kwenye mfumo wa forodha, kodi inakadiriwa, mteja analipa, mzigo unatoka. Ukiisimulia hivo inaonekana kazi ya nusu saa, njoo ukae mezani kwangu siku moja uone.

Mwaka jana bosi aliniita akaniambia, "Wewe ukienda likizo ofisi inasimama." Mimi huyo nikaanza kutabasamu, nikajua leo mshahara unapanda. Akasema hapana, sikusifii, nakulalamikia.

Iliniuma wiki nzima maana alikuwa sahihi. Watu walikuwa wanajipanga mezani kwangu kama wako kwenye foleni ya luku, dada hii inaingia wapi, dada hapa niweke nini, na mimi najibu bila hata kuinua macho, na nisiwe muongo, nilikuwa naona raha, kuwa mtu anayejua kila kitu kuna utamu wake jamani. Shida ni kwamba saa moja jioni wao wameshapanda daladala ndo mimi naanza kazi zangu mwenyewe. Basi bosi akalipia kozi, Jumamosi 12, kwa Zoom, na nikaenda nikiamini naenda kufundishwa namna ya kufundisha.

Siku ya kwanza tukagawanywa watatu watatu, mmoja kocha, mmoja anakuja na jambo lake la kweli la kazini, wa tatu hasemi kitu ila anaangalia na kuandika. Mimi nikawa kocha. Mwenzangu kaleta habari za mfanyakazi mwenzake anayemuachia kazi zote, na mimi nikamsaidia haswa, nikampa na mfano wa ofisini kwetu, nikampa na maneno ya kwenda kumwambia huyo mtu, nikamaliza nikijiona mtamu. Yule mwangalizi akafungua karatasi yake akasema, dakika 15, kocha ameongea 11. Halafu akamuuliza mwenzangu, utaenda kufanya alivokwambia? Dada wa watu kwa aibu akasema, "Ushauri ni mzuri, ila nilishajaribu hivo mwezi wa tatu."

Sasa kama ningeuliza tu umeshajaribu nini, si angenambia?

Mwalimu wetu ndo akatueleza hii kitu ilikotokea, na mimi nilipenda kwamba haikutokea ofisini kabisa, imetoka kwenye mpira, tena wa tenisi. Kuna Mmarekani anaitwa Timothy Gallwey alikuwa anafundisha tenisi, akagundua kwamba kadri anavyompa mwanafunzi maelekezo mengi, kunja goti, shika hivi, zungusha bega, ndo mtu anazidi kuharibu. Akaanza kuwaambia waangalie mpira tu, ukidunda wataje kwa sauti kwamba umedunda, ukigusa raketi wataje kwamba umepiga, basi, na watu wakawa wanapiga vizuri bila kuambiwa habari za goti. Hayo aliyaandika 1974. Baadaye Mwingereza mmoja aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, John Whitmore, akayaingiza maofisini, na kitabu chake cha 1992 ndo kilichosambaza ule mpangilio wa maswali ambao kila anayesomea ukocha atakutana nao: unataka nini, hali ikoje sasa hivi, una njia zipi, halafu utafanya nini na lini. Ukiutazama hivo unasema haya mambo hata bibi yangu anayaweza. Kuyajua kweli ni kazi ya siku moja, kuyatumia bila kupachika majibu yako katikati mimi bado napambana.

Kitu kilichonivuruga zaidi ni neno kwa nini. Mwalimu alituambia tulipunguze, na kwenye Kiswahili nadhani ndo balaa zaidi, maana sisi kwa nini tumelelewa nayo, kwa nini umevunja kikombe, kwa nini umechelewa kutoka shule, na mkononi kuna mwiko. Hakuna mtoto aliyeulizwa vile akadhani mama anataka kujua sababu. Sasa mtu mzima ukamuuliza kwa nini umeweka namba hii, unapata majibu mawili tu, samahani dada, au hadithi ndefu ya kujitetea. Nikaanza kusema ulikuwa unaangalia nini ulipochagua hii, au ilikuwaje. Wiki ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama naongea Kichina, halafu watu wakaanza kujibu kweli.

Na ya pili yake ni ule ushauri unaovaa nguo za swali. "Huoni ungempigia mteja kwanza?" Hilo swali? Hiyo ni amri imepigwa alama ya kuuliza. Mimi ni bingwa wake.

Ngoja niwape tukio moja. Kuna dogo wetu, mwaka wa pili kazini, kaja na invoisi ya boliti na nati za lori. "Dada, boliti za lori si tunaweka 87?" Kwa wasio wa fani, kila bidhaa ina namba ya HS, tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima na huku Afrika Mashariki tunaongeza mbili, na namba hiyo ndo inaamua mzigo unakula ushuru wa asilimia ngapi, mara nyingi ni 0, 10, 25 au 35, kwa hiyo ukikosea namba umekosea hela ya mtu. Sura ya 87 ni ya magari na vipuri vyake. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, 7318, sura ya 73 ya vitu vya chuma, lete linalofuata.

Nikalimeza. Nikamuuliza umeangalia wapi mpaka sasa hivi. Kimya. Na hapa ndo pagumu, maana ule ukimya unawasha, unatamani uuokoe mwenyewe. Nikahesabu moyoni mpaka tisa nikiangalia feni. Akasema, "Nimefuata faili la zamani la mteja huyuhuyu." Faili lilikuwa na nini? Akaenda kulichukua. Ngoma za breki. Akaliangalia, akaniangalia, akasema, "Lakini dada hili uliliandaa wewe, nikajua haliwezi kuwa na makosa."

Na halikuwa na makosa! Ngoma za breki ni 87 kabisa. Ila yeye hakuwa anasoma mzigo, alikuwa anasoma sahihi yangu. Na miaka yote hii nilikuwa najibu boliti 73, ngoma 87, wala sijui kwamba kijana anakariri mkono wa aliyeandika.

Nikamuuliza, ungetaka kuhakikisha bila mimi ungeanzia wapi. Akakuna kichwa, akasema labda zile notisi za mwanzo wa seksheni kwenye kitabu cha namba za HS. Haya. Kaenda kukaa nazo, dakika 25 nzima, mimi ningetumia sekunde nne, na roho inaniuma naziona zile dakika zinapita. Akarudi anacheka, kakuta kwamba boliti, nati na vyuma vya namna hiyo vya matumizi ya jumla haviendi na gari hata kama vimetengenezwa kwa ajili ya gari, vinarudi kwenye chuma chao. Wiki mbili baadaye ikaingia kontena yenye springi za lori. Hakuniuliza. Nimekuja kuikuta kwenye faili, kaiweka 7320, sahihi, na pembeni kwa penseli kaandika namba ya notisi. Nilifunga lile faili nikafungua tena kuangalia, mnisamehe.

Sasa msidhani nimekuwa mtakatifu. Ijumaa moja, saa tisa na nusu, yuleyule dogo kaingia mbio, jina la mteja kwenye BL halilingani na la kwenye TIN, meli laini, yaani kampuni ya meli, wamekataa kutoa dilivari oda, ile hati ya kuruhusu mzigo uchukuliwe, mpaka pawe na barua. Na mimi juzi tu nimetoka darasani, kichwa kimejaa, nikaegemea kiti, nikakunja mikono nikamuuliza kwa sauti ya upole, "Unaona tuna njia zipi?" Akasema, "Dada, wanafunga saa kumi." Nikasema, "Na tukiweka muda pembeni?" Kijana akanitazama kama nimechanganyikiwa. Ile barua haijawahi kuandika maishani mwake, mimi ninayo kwenye kompyuta, kubadilisha jina tu. Kontena lililala wikiendi nzima pale na storeji ikaendelea kuhesabu, na Jumatatu bosi aliniuliza kilichotokea, akatumia kwa nini, na sikumsahihisha.

Tangu hapo mimi najiuliza kwanza huyu mtu kitu hiki anakijua ila hajiamini, au hakijui kabisa? Kama hakijui, mfundishe, acha mbwembwe. Huwezi kumuuliza mtu maswali mpaka atoe kitu ambacho hakimo ndani yake. Na kama nyumba inaungua, toa amri, utauliza moto ukishazimika.

Nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote ni mzee wetu. Kila ofisi ya klaringi ina mzee wake, wa kwetu amekuwepo bandarini tangu enzi za makaratasi na mihuri, anajua kila geti, namwamkia shikamoo kila asubuhi halafu saa tatu namgawia kazi, ndo Uswahili wetu huo. Mzee anaandaa deklaresheni vizuri tu lakini haiingizi mwenyewe kwenye mfumo, anampa dogo aingize kwa jina la dogo. Nilishamwandikisha kwenye mafunzo ya kompyuta mara mbili. Kichwani kwangu nilishahukumu, mzee umri umekwenda.

Utamkochi vipi mtu unayempa shikamoo? Nikaona nisimwite ofisini kwangu, nikamfuata yeye, tukakaa kwa mama anayetuuzia chai nje, nikamwambia mzee mimi sijaja kukuelekeza kitu, nataka nielewe, ukifika pale mwisho pa kuingiza huwa inakuwaje? Akapuliza chai. Akaipuliza tena. Nilikaribia kusema mzee basi tuache. Ndo akaanza kunisimulia, kwamba ofisi aliyokuwa zamani aliwahi kuingiza thamani iliyokosewa, invoisi aliletewa hivyohivyo, na lilipokuja kubumburuka jina lililokuwepo kwenye mfumo ni la kwake, aliyemletea hakuonekana, alihangaika nalo karibu mwaka. Kompyuta anaijua. Anachokwepa ni jina lake kukaa pale.

Na mimi nilimpeleka mafunzo ya kompyuta mara mbili.

Nikauliza mzee ungependa iweje ili uwe na amani. Akasema kabla hajabonyeza, mtu wa pili amsomee invoisi kwa sauti na yeye afuate kwenye skrini. Basi, hiyo tu. Siku hizi utawasikia yeye na dogo wanasomeana matarakimu kama madrasa, na watu wawili wengine wameanza kuiga. Nimemuomba ruhusa kuandika hapa, kasema andika ila jina langu usiliweke, nikacheka, nikasema mzee hilo nilishalielewa.

Lakini kuna kitu kinanikera na sijakimaliza. Bosi alipoona nakaa na watu faragha akaniuliza kirafiki, "Enhe, wanasemaje?" Nikamwambia mambo ya kazi nitakuletea, mengine wameniambia mimi. Hakufurahi. Na mimi mwenyewe najua nusu ya kitumbua kina mchanga, maana mwisho wa mwaka mimi ndo najaza fomu zao za tathmini, sasa nani atamwaga yote mbele ya mtu mwenye kalamu ile? Kocha wa nje hana kalamu. Kwa hiyo mimi nasema natumia ujuzi wa ukocha kazini, kocha kamili wa hawa watu siwezi kuwa, na nimeshawaambia wazi kabisa tangu mwanzo.

Cheti bado. Lile shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kwa ngazi yao ya kwanza wanataka masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kukochi watu kweli, na ngazi ya juu kabisa ni masaa 2,500, sijui hao watu wanakula saa ngapi. Mimi kwenye daftari langu nina 31, mengi nimeyapata nje ya ofisi, wenzangu wa kozi, na shemeji mmoja anayetaka kuacha kazi kila Jumapili.

Jumatatu binti wa mapokezi ameomba tukae nusu saa. Ameshanidokeza anataka kuongelea nini, na jibu ninalo tangu Alhamisi, zuri kweli, ndo maana nimemwambia tukae pale nje kwa mama chai, walau nikiwa na kikombe mdomoni.