Meza ya saini kwanza: kuandaa siku ya wasomaji wa simulizi za mapenzi Mwanza

Ukumbi unaweza kupendeza, keki ikawa ya ghorofa tatu na didjei akatoka mbali, lakini msomaji aliyetoka Sengerema akirudi kwao bila kuzungumza hata dakika mbili na mwandishi aliyemnyima usingizi miezi sita, siku hiyo imeharibika. Ndiyo maana naanza na meza ya saini. Mengine yote, kuanzia saa ya chakula hadi mahali pa soketi, yaifuate hiyo meza.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo watu huiruka. Msomaji mmoja mezani anachukua dakika mbili: salamu, jina, saini, picha. Mwenye maneno yake anachukua tatu. Watu 60 kwa mwandishi mmoja ni saa mbili kamili, bila hata kunywa maji. Ukialika waandishi wanne, foleni hazitalingana: mmoja atakuwa na watu 50, mwingine sita. Usiwaache watu wasimame. Foleni ya kusimama inaua mazungumzo, kwa sababu aliye mezani anahisi pumzi za wenzake mgongoni, anachukua saini na kuondoka na maswali yake. Mlangoni gawa kadi zenye namba, kwa makundi ya watu 15. Kundi la kwanza liende mezani saa 4:00, la pili saa 4:30, na kuendelea. Wasioitwa wanakaa wakisikiliza usomaji upande wa pili wa ukumbi.

Kila meza iwe na msaidizi mmoja. Kazi yake ni mbili tu: kushika simu ya msomaji na kupiga picha, na kumpa mwandishi kikaratasi chenye jina la msomaji kwa herufi kubwa. Hicho kikaratasi usikidharau. Rehema na Rahma, Zuhura na Zuhra, Khadija na Hadija, kwa sikio na kelele za ukumbi vinafanana, na kitabu kilichoandikwa jina la mtu mwingine hakifutiki.

Sasa, kinachosainiwa ni nini? Hapa ndipo kongamano letu linapoachana na ya wenzetu. Marekani walianza zamani: Kathryn Falk, mwanzilishi wa jarida la Romantic Times, alianzisha kongamano la wasomaji na waandishi wa riwaya za mapenzi mwaka 1982, likaendelea hadi 2018, siku kadhaa hotelini, na sehemu iliyovuta watu wengi ilikuwa ukumbi wa saini uliojaa vitabu. Msomaji wetu mara nyingi hana kitabu. Amesoma kwenye simu, sehemu ya 1 hadi ya 87, Facebook na WhatsApp, kisha akalipia PDF baada ya arosto, ile kiu ya kujua kinachofuata, kumzidi. Huwezi kusaini kioo cha simu. Kwa hiyo tengeneza kadi ya saini.

Karatasi ya A4 inatoa kadi nne za A6 bila kubaki hata kipande. Tumia karatasi ngumu ya gramu 300. Mbele weka picha ya jalada la simulizi, nyuma acha peupe kwa ujumbe. Mbele unaweza kupiga lamineshi, nyuma kamwe, kwa sababu biro huteleza juu ya lamineshi, na wino wa jeli unabaki kwenye kidole gumba cha msomaji wa kwanza na kuhamia kwenye kadi ya wa pili. Mezani ziwe kalamu za aina mbili: biro ya kawaida kwa ndani ya kitabu na nyuma ya kadi, na maka peni nyembamba kwa mwandishi anayetaka kusaini juu ya picha. Maka peni kwenye ukurasa wa kitabu hupenya hadi upande wa pili, hasa kwenye karatasi nyepesi.

Wasomaji 60 mara waandishi wanne ni kadi 240, yaani karatasi 60 za A4. Agiza 70, kwa sababu kuna zitakazokatwa vibaya. Kosa kubwa la uchapaji huanzia kwenye picha: jalada lililotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida limeshabanwa, na likichapwa linatoka na ukungu. Mwambie mwandishi alitume kama dokumenti, lenye angalau pikseli 1240 kwa 1748. Kisha chapisha moja ya majaribio na uitazame juani, nje ya duka la stationari. Majalada ya mapenzi yana usiku mwingi, mishumaa mingi na nyekundu nzito. Kwenye kioo cha simu yanang'aa, kwenye karatasi yanageuka weusi mtupu na uso wa binti hauonekani. Mwombe fundi aongeze mwanga kabla hajachapa zote.

Tarehe ni jambo la mapema. Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba ni vuli, na mvua ya Mwanza ikishuka kwenye vilima vya mawe maji yote yanakimbilia barabarani. Kati ya Juni na Agosti ni salama. Jumamosi inawaacha nje Wasabato, nao kanda hii si wachache. Jumapili asubuhi inawaacha nje wengine. Mimi napendelea Saba Saba, tarehe 7 Julai: ni sikukuu, ni kiangazi, na mshahara wa mwisho wa mwezi bado haujayeyuka wote. Nane Nane nayo ni sikukuu, ila macho na miguu ya watu inakuwa Nyamhongolo kwenye maonesho.

Ukichukua ukumbi mchana siku ambayo jioni kuna harusi au send-off, bei hupungua, lakini mkataba uandike wazi wapambaji wanaingia saa ngapi. Wasipobanwa wataanza kuburuta viti saa 8 mchana, katikati ya usomaji. Chukua kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, uwaachie ukumbi mweupe.

Kumbi za ufukweni, kuanzia Capri Point hadi upande wa Malaika, zinavutia kwa picha, na simulizi nyingi zina ziwa ndani yake. Ila mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na saa 7 au 8 unakuwa na nguvu. Vikaratasi vya majina, kadi, bango, vyote vinapaa. Mwanza hatukosi mawe: okota vikokoto vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, vioshe, vikauke, viwili kwa kila meza. Maikrofoni ivalishwe sponji, la sivyo spika zitapeleka mvumo wa upepo badala ya sauti. Kama jioni mtabaki nje, taa zikae mbali na meza za chakula, maana wadudu wadogo wa ziwani huja kwa wingi kwenye mwanga na kutumbukia vyomboni.

Umeme: uliza jenereta iko wapi na mafuta ananunua nani. Uwe na spika moja ya kuchaji, iliyojaa tangu usiku. Eksitensheni mbili za mita tano zenye matundu sita zinatosha kituo cha kuchaji simu, na kituo hicho kiwe na mtu wa kukikalia mwanzo mpaka mwisho.

Usomaji wa sauti ndio moyo wa mchana, na mara nyingi unaharibiwa na urefu. Kwa Kiswahili msomaji mtulivu husoma kama maneno 100 kwa dakika. Mpe kila mwandishi dakika nane, yaani maneno 800, na mwambie achague kipande kinachoishia penye arosto, asije na mwanzo wa hadithi. Mwanzo una maelezo ya kijiji na ukoo. Ukumbini watu wanataka wawili wakutane mlangoni. Chombezo, simulizi ya mapenzi ya watu wazima, nalo lina wapenzi wake na sioni sababu ya kulionea aibu, ila lisomwe alasiri, katika chumba cha pembeni, kwa waliotimiza miaka 18, na mwenye ukumbi awe ameambiwa mapema. Ukilipeleka kwenye spika kubwa, wahudumu watasikia, watoto wa jirani watasikia, na mwaka unaofuata hamtapewa ukumbi.

Mijadala isizidi watu wanne mbele, dakika 45. Mada iwe na mgongano ndani yake. "Umuhimu wa mapenzi katika jamii" italaza watu. "Je, mhusika aliyempiga mpenzi wake anaweza kuwa shujaa wa simulizi?" itawaamsha mpaka wapishi.

Kuna suala la majina ambalo waandaaji wengi hawaliwazi. Wapo wanaosoma kwa siri: mwalimu, mke wa mchungaji, mwanaume ambaye kazini hawajui kwamba anafuatilia simulizi tatu kwa mpigo. Kwenye beji andika jina analotumia kwenye kundi la WhatsApp, si la kitambulisho. Pembeni bandika stika: kijani, anaruhusu picha; nyekundu, haruhusu. Mpiga picha na wasaidizi wote waelezwe hivyo asubuhi, na itangazwe mara mbili. Tangazeni pia kwamba mwandishi si mhusika wake. Anayeandika mapenzi motomoto hajatangaza kwamba anatafuta mchumba, na kumwomba namba mezani au kumshika bila ridhaa yake ni kosa la kutolewa nje.

Chakula kije baada ya saini, kamwe kisitangulie. Mafuta ya sato na karatasi haviendani, hata baada ya kunawa. Kwa mchana pika pilau, kilo moja ya mchele kwa watu sita, hivyo kilo 10 kwa watu 60, linagawiwa ndani ya nusu saa. Sato wa ugali ni mtamu kuliko pilau, hilo halina ubishi, lakini anataka kukaangwa kwa zamu, ana miba, na watu hula polepole wakizungumza. Mweke jioni, baada ya vitabu kufungwa mabegini, na idadi ipelekwe kwa mpishi tangu jana yake.

Mfuko wa zawadi usiwe wa plastiki: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Wa kitambaa, ndani yake ratiba, biro, kadi tupu mbili na peremende, unatosha. Sare ya kitenge siishauri. Mwanafunzi wa chuo kule Malimbe anayejibana apate kiingilio ataona aibu kuja bila sare, atabaki hosteli. Wekeni rangi moja tu, kila mtu achimbue kabatini.

Upande wa mauzo, meza iwe na Lipa Namba iliyochapwa kubwa, na chenji ya noti za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu kitabu cha 8,000 kila mtu atakilipia kwa noti ya 10,000. Muuzaji athibitishe malipo kwenye simu yake mwenyewe, asiridhike na ujumbe anaooneshwa kwenye simu ya mnunuzi. Mtandao ukizidiwa, andika jina na kiasi daftarini, mteja asubiri amekaa. Na kwenye kona ya kubadilishana vitabu, weka kanuni ya leta viwili uchukue viwili, vya karatasi tu. PDF hazibadilishwi. Kazi ya mwandishi inalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na zaidi ya sheria, huyo mwandishi amekaa mita tatu kutoka hapo.

Anayesafiri kuja, ajipange hivi. Anayetoka Geita na Sengerema sasa anapita Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko iliyokuwa inawachelewesha watu haipo tena. Wa Bukoba apande meli ya usiku, afike asubuhi, ila athibitishe siku ya safari kabla ya kulipa kiingilio, maana meli haisafiri kila siku. Wa Ukerewe apange kulala mjini. Kuwahi kurudi Nansio siku hiyohiyo ni kujinyima nusu ya mchana. Wa Musoma na Bunda aulize mapema basi lake linaishia kituo gani, asisubiri afikishwe katikati ya mji.

Vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana. Kimoja cha kurasa 200 saizi ya A5 kina kama gramu 280, hivyo 20 vinakaribia kilo sita. Kwa anayekuja kwa maji, chombo bora ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Vitabu 15 vinasimama ndani yake, migongo juu, kanga imekunjwa chini na nyingine katikati ya vitabu na mfuniko ili visicheze. Boksi likilowa chini hupasuka gatini. Ndoo hata ikimwagiwa wimbi, unaifuta na kuendelea.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, hesabuni na kila mwandishi vilivyouzwa, vilivyobaki, pesa yake taslimu na ya simu, na wote wawili msaini. Asubuhi mwenye basi la saa 12 hatakuwa na muda wa kutafuta daftari. Anayebaki hadi mchana apite soko la samaki la Mwaloni Kirumba achukue dagaa wa nyumbani. Dagaa wakae kwenye ndoo iliyokuja na vitabu, mfuniko umebanwa, na kadi za saini zisafiri kwenye mkoba wa begani, mbali nao kabisa.