Matembezi ya Marangu na Uru: navyoyapanga kwa msimu, pombe ya mbege ikiwemo

Ukiuliza wakati mzuri wa kupanda Uchagani, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kutembea, watu wengi watakuambia nenda Juni, masika yamekwisha, mlima utauona. Ushauri huu unanikera kwa sababu wageni wanafunga safari kutoka mbali na kuondoka bila kuuona Kibo, kilele chake kikuu, hata dakika moja. Masika kweli huishia Mei. Lakini Juni hadi Agosti, upande wetu wa kusini, kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu, wingu mara nyingi hukaa juu ya migomba siku nzima na manyunyu hayakauki. Moshi mjini jua linaweza kuwaka huku juu watu wamejifunika makoti. Anayetaka mlima aje Januari au Februari, au Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Hata katika miezi hiyo, awahi kuamka. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, ikifika kwenye baridi ya juu inageuka wingu, na mara nyingi kufikia saa nne asubuhi mlima umeshajifunga. Ukibahatika unafunguka tena jioni jua likielekea kuzama. Mimi kwa hiyo huweka mlima saa kumi na mbili asubuhi, maporomoko saa tatu, na chakula saa saba mchana. Ratiba ya kuanza na chai nzito hadi saa tatu ndiyo inayowapotezea watu mlima.

Magari ya Marangu yanapatikana stendi ya Moshi, yanapita Himo na kuishia Marangu Mtoni, nauli ni elfu chache. Kutoka Mtoni chukua bodaboda, lakini wakati wa mvua elewaneni bei kabla hujapanda. Materuni iko upande wa Uru. Gari linakuacha kijijini, unalipa kiingilio, kisha unatembea na mwenyeji kati ya dakika arobaini na saa nzima mpaka kwenye maporomoko, ambayo yana urefu wa kama mita 80.

Njia hiyo ina udongo mwekundu wa volkano, ukilowa unateleza kama sabuni. Viatu vya michezo vyenye soli laini havifai kitu. Dawa yangu ni gamba kavu la mgomba, lile linaloning'inia kwenye shina. Chana vipande vya upana wa vidole viwili, viloweke dakika chache ili visikatike, visokote viwe kamba, kisha zungusha mara mbili katikati ya kiatu, chini ya upinde wa mguu. Fundo likae juu ya kiatu. Likikaa chini linaumiza nyayo na linafunguka upesi. Kamba itashika matope vizuri, ila ukifika kwenye mawe yaliyolowa ivue, maana ikishajaa udongo yenyewe ndiyo inateleza.

Penye maporomoko angalia rangi ya maji. Mvua inaweza kunyesha huko juu msituni wakati nyinyi chini mnaota jua. Maji yakianza kugeuka kahawia au kuleta majani na vijiti, tokeni hapo hapo, picha baadaye. Machi hadi Mei, maji yakiwa mengi, mimi simpeleki mtu karibu na bwawa lake kabisa. Na msimtafute mtu wa kuwavusha msituni kwa njia ya mkato: tangu mwaka 2005 msitu wote wa juu umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, kuingia ni kwa geti na kwa kulipia. Vihamba (mashamba ya migomba ya ukoo), mifongo (mifereji ya asili ya maji) na vijito vilivyo chini ya mpaka vinatosha kutembea siku nzima.

Sasa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, maana hapa ndipo wengi wanapochemka. Mgeni anataka mbege ya Jumamosi, anaiulizia Alhamisi, anapewa iliyochacha au isiyoiva. Mbege huhesabiwa kinyumenyume. Kama mlo ni Jumamosi, ndizi zichemshwe Jumamosi iliyotangulia. Ili ziwe mbivu siku hiyo, mkungu ukatwe siku kadhaa kabla na kuvundikwa. Mshare, ndizi ya kupikia, uachie mtori, yaani supu ya ndizi na nyama. Kwa mbege nataka ndizi tamu zilizolainika mpaka ganda limekuwa jeusi. Kwa ndoo ya lita ishirini, mkungu mmoja mkubwa unatosha pamoja na kilo mbili hivi za ulezi.

Menya, chemsha na maji kwa moto wa wastani saa kadhaa, mpaka rangi iwe nyekundu ya kahawia. Epua, acha zipoe kabisa, mimina kwenye pipa safi, funika kwa majani ya mgomba na usiliguse. Jumamosi hiyo hiyo loweka ulezi. Jumapili uchuje, utandaze ndani ya gunia lenye unyevu, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Kufikia Jumatano vimea vimetoka, uanike juani. Alhamisi usagwe. Ijumaa mchana pika uji wa huo unga wa kimea pamoja na msesewe, gome la mti la kutia uchungu, uache upoe. Ongeza maji kwenye zile ndizi zilizochachuka, zichuje, changanya juisi yake na uji, kisha iache ilale. Jumamosi saa saba inatoa povu jepesi na ukiweka sikio kwenye pipa unaisikia ikichemka taratibu.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni kumwaga uji wa moto: chachu ya ndizi inakufa na kinachobaki ni kinywaji kizito kilichopoa, hakipandi. Mimi hutumbukiza kiwiko kwenye uji, nikisikia joto lolote nasubiri. La pili ni msesewe. Ni gome chungu sana, na aliyezidisha hana namna ya kulipunguza. Usilichume mwenyewe porini. Nunua lililosagwa kwa mama anayepika mbege ya kuuza, mwambie ni la ndoo moja, akupimie yeye. La tatu ni ulezi uliopata ukungu. Hili ni la Juni na Julai, kwa sababu hakuna jua la kuanikia na kimea kinakaa na unyevu mpaka kinaota manyoya ya kijivu. Kimea cha namna hiyo ni cha kutupa, hakioshwi. Miezi hiyo mimi huanza ulezi wiki nzima mapema na kuukaushia darini juu ya meko.

Kuna wanaoshauri kutia hamira na sukari ili iive kwa siku mbili. Povu utalipata, tena jingi. Lakini ladha ya ulezi inapotea, asubuhi yake imekuwa siki, na wageni wanaamka na vichwa vinavyogonga. Kama siku hazitoshi, nunua ya mama mpishi anayejulikana, ni nafuu na ni nzuri. Ikiletwa kwenye kata, kibuyu cha kunywea, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni asikimbilie. Dereva anywe chai.

Septemba hadi Novemba ningempeleka mgeni kwenye kahawa. Matunda mekundu yanachumwa asubuhi na kumenywa siku hiyo hiyo, yanachachushwa siku moja au mbili, yanaoshwa, kisha yanaanikwa juu ya kichanja karibu wiki mbili. Maana yake kahawa uliyoichuma leo huwezi kuinywa leo, hata mwenyeji akikuahidi. Cha kufanya ni kuomba iliyokwisha kukauka na ganda lake: mtatwanga kwenye kinu, mtapeta, mtakaanga kwenye chungu kwa moto mdogo dakika kumi na tano hivi bila kuacha kukoroga. Punje zikianza kupasuka kwa sauti, subiri kidogo tu, uepue. Anayezidisha anakunywa mkaa.

Kwa mwenyeji usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, sabuni na kilo mbili za nyama vinapokelewa vizuri kuliko bahasha. Mzee mwamkie shikamoo kabla ya kutoa simu ya kupiga picha, na mama wa nyumba muulize kama anaruhusu mpite kihambani, kwani njia nyingi zinazoonekana za umma zinapita katikati ya mashamba ya watu.

Desemba ina raha yake, vijiji vinajaa, kila nyumba ina moshi na kisusio, supu ya damu na nyama ya mbuzi, lakini ni mwezi wa kukutana na ndugu zaidi kuliko wa kutembea. Mvua za vuli bado zipo na barabara za juu zinafungwa na magari yaliyokwama. Mbuzi wa ndafu, yaani wa kuchomwa mzima, mlipie mwanzoni mwa mwezi, wiki ya Krismasi bei inapanda na waliobaki ni wembamba. Tiketi ya kurudi Dar es Salaam ikate siku ile ile unayokata ya kuja, hata kama hujajua tarehe vizuri: kubadilisha tarehe ni rahisi kuliko kupata kiti Januari 2.